Vidonge vya Kunawiri

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Daktari aliliuliza huku macho yake yakiwa kwenye mashine iliyokuwa ikilia kichwani pa kitanda, kama mtu anayeuliza saa.

"Kuna dawa yoyote mgonjwa alikuwa anatumia nyumbani? Ya hospitali, ya dukani, ya miti shamba, yoyote ile?"

Fundi alimtazama mkewe. Alikuwa amelala chali, midomo imekauka, macho nusu wazi, na sehemu iliyopaswa kuwa nyeupe ilikuwa ya manjano. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji hadi gotini, na yote hayo yalianzia kwenye tundu dogo la sindano ya cherehani aliyoikanyaga kwenye duka la mumewe la ushonaji. Upande wa pili wa kitanda alisimama mama mkwe, mkoba kifuani, akimwangalia mkwewe kwa imani ya mtu ambaye jibu keshalijua.

"Hapana," alisema fundi. "Hatumii chochote."

"Hana pumu? Hana maumivu ya viungo?"

"Mwanangu alikuwa mzima wa afya," mama mkwe alidakia. "Tena daktari, ungemwona kabla hajaolewa. Mifupa mitupu. Huyu mkwe wangu ndiye aliyemtunza hadi akawa mtu. Hebu tazama mashavu hayo, hata ugonjwa umeshindwa kuyamaliza."

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, alivaa miwani yake na kuyatazama hayo mashavu. Alifunua shuka kidogo, akaliangalia tumbo la mgonjwa, lililokuwa na michirizi ya zambarau kana kwamba paka alipita na makucha yake, kisha akalifunika. Akamgeukia fundi tena.

"Una uhakika, baba?"

"Nina uhakika, daktari."

Uongo ukisemwa mara moja unaweza kuitwa kuteleza ulimi. Ukirudiwa mbele ya mama mkwe unakuwa kiapo.

Walitolewa nje, wakaketi kwenye benchi la ukumbini. Mama mkwe akatoa leso, akafuta macho, halafu akamshika mkwewe mkono. Mkono ule ulikuwa wa moto na wenye shukrani, na fundi alitamani aachiwe.

"Mungu akulipe," alisema mama. "Wengine huoa mtu akiwa mzima wakamrudisha kwao mgonjwa. Wewe ulimchukua dhaifu ukamnenepesha. Hata shangazi zake waliokuwa na maneno walinyamaza."

"Ni kawaida tu, mama."

"Si kawaida. Usijishushe."

Fundi aliinamisha kichwa, na mama akadhani ni unyenyekevu.

Ukweli ni kwamba mkewe hakuwa mke tu. Alikuwa dirisha la duka. Mafundi wengine walikuwa na sanamu za plastiki za kuvalisha nguo. Yeye alikuwa na mke. Kila mtindo mpya alimshonea yeye kwanza, akamkalisha mlangoni na kazi ya kushona vifungo, wanawake wapitao waone na kutamani. Mpango ulikuwa mzuri, ila gauni lilimkaa kama limeanikwa kwenye kamba. Wateja wakambandika jina Bi Njiti. "Fundi, kitambaa kizuri," walimwambia, "lakini huyu humlishi?" Walicheka, naye akacheka nao, maana mfanyabiashara hagombani na mteja. Lakini kila kicheko alikwenda nacho nyumbani.

Muuza dawa wa kona ndiye aliyempa vidonge vile vidogo vyeupe. "Utatafuta kitambaa cha ziada," alimwahidi. Fundi hakumwambia mkewe ni vya nini. Alivimimina ndani ya chupa tupu ya vitamini, na kila asubuhi alimpa pamoja na chai. "Vya kuongeza damu," alisema. Mkewe aliguswa. Alimsimulia hata mama yake kwamba mume wake anamkumbusha vitamini kama mtoto.

Na kweli alinawiri. Uso ukawa wa mviringo, kifua kikajaa, magauni yakakaa. Mkewe akienda sokoni, fundi alizitoa nguo zake kabatini akaziachia mshono ubavuni, kidogo kidogo, asije akashtuka kwa jinsi alivyokuwa akiongezeka. Wateja walimiminika. Hakuna aliyesema tena Bi Njiti, na fundi akaanza kutembea kifua mbele.

Kisha akaja mteja mmoja, mkunga mstaafu, akamtazama yule mke pale mlangoni kwa muda mrefu. Alipokuwa akipimwa kiuno alimnong'oneza fundi, "Mkeo hajanenepa. Amevimba." Siku hiyo hiyo fundi alivimwaga vidonge vyote chooni, akamwambia mkewe kuwa vitamini zimekwisha. Alidhani amefuta kosa. Hakujua kwamba vidonge vile haviachwi ghafla. Wala hakujua kwamba lile tundu la sindano, ambalo mkewe alilicheka kwa kuwa halikumuuma wala kuvimba, lilikuwa limenyamazishwa tu na vidonge hivyo hivyo. Vilipokatika, mguu ulipasuka usaha, akaanza kutapika, na mwishowe akaanguka jikoni akiwa na sufuria mkononi.

"Nenda kalete shuka na nguo za kubadilisha," alisema mama mkwe. "Mimi nitabaki."

Fundi aliinuka haraka kuliko ilivyompasa.

*

Duka lilikuwa kama walivyoliacha. Cherehani ilikuwa na shati lililoshonwa mkono mmoja, chaki zilikuwa mezani, na kiti cha mkewe kilikuwa pale pale mlangoni, bakuli la vifungo juu yake. Chumba chao kilikuwa nyuma, nyuma ya pazia. Fundi alikuwa anachagua nguo kabatini na kuzitia kwenye begi aliposikia hodi.

"Karibu," alijibu kwa mazoea, kisha akajuta.

Alikuwa mteja wa siku nyingi, muuza mboga, mwanamke mwenye maneno mengi, mrefu na mwembamba. Alitoa pole zake zote, akauliza hali, akasikitika kwa dhati. Halafu akakiangalia kile kiti kitupu, akasogea karibu na kushusha sauti.

"Fundi, usinione sina adabu kukuuliza wakati kama huu. Mkeo alikula nini hadi akawa vile?"

"Chakula tu."

"Aa, fundi. Chakula tunakula wote. Mume wangu kila siku ananitolea mfano. 'Mwone mke wa fundi, mwone mke wa fundi.' Mwisho nimechoka. Nikamwendea muuza dawa, akaniambia kuna vidonge, na kwamba wewe ni shahidi wake. Kaniambia kamuulize fundi mwenyewe kama havifanyi kazi."

Fundi alikaa kwenye meza ya kukatia.

"Umeshavinunua?"

"Bado. Nilitaka kwanza nisikie kwako." Alitabasamu kwa aibu kidogo. "Niambie tu, havina madhara?"

Ndani ya begi mkononi mwa fundi kulikuwa na magauni mawili ya mkewe. Fundi aliona ubavuni zile alama za mshono wa zamani, tundu tundu za sindano mahali uzi ulipofumuliwa, safu baada ya safu, jinsi alivyokuwa akimwachia nafasi. Alitaka kusema.

"Usinunue," alisema.

"Kwa nini?"

"Usinunue tu, dada. Nakuomba."

Muuza mboga alimwangalia, akaangalia begi, akaangalia kiti. Tabasamu likamtoka usoni taratibu. Aliaga kwa sauti ndogo, na alipofika mlangoni alikikwepa kile kiti kama mtu anavyokwepa mahali palipofiwa. Fundi alijua kwamba kufikia jioni mtaa mzima utakuwa umeunganisha moja na moja, na hata hivyo, Mungu amsamehe, jambo la kwanza alilofikiria lilikuwa jina lake, si mkewe.

*

Daktari alimkuta ukumbini kabla hajaingia, akamwita pembeni, karibu na dirisha. Alizungumza polepole, bila kumtisha, na hilo lilimtisha zaidi.

"Baba, nikueleze hali ilivyo. Vijidudu vya kwenye mguu vimeingia kwenye damu. Presha imeshuka sana. Tunampa dawa ya kubana mishipa ili presha ipande, na hapo ndipo tulipokwama. Ndani ya ini kuna vijishipa vyembamba kuliko unywele. Mtu akiwa na sumu hii kwenye damu, vijishipa hivyo huwa tayari vimebana. Kila nikiongeza dawa, presha inapanda kidogo, lakini ini nalo linazidi kukosa damu. Yale manjano uliyoyaona ndiyo hayo. Nikipunguza dawa, presha inaanguka. Tunavuta huku, kunachanika kule."

Fundi, ambaye maisha yake yote yalikuwa vitambaa, alielewa.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo dawa inayoweza kuifanya mishipa yake iisikie hii tunayompa, hata kwa kiasi kidogo, ini nalo likapata nafuu. Inaitwa steroidi. Lakini dawa hiyo hiyo hupunguza nguvu za mwili kupigana na vijidudu, kwa hiyo siipendi kuitumia kwa kubahatisha. Sasa sikiliza. Mtu aliyekuwa akiinywa nyumbani kwa muda mrefu halafu akaiacha ghafla, mwili wake hauna tena ya kwake. Maana mwili wa kila mtu huitengeneza wenyewe kidogo, na wake umesahau. Huyo nisingesita hata kidogo kumpa." Alivua miwani. "Nimeuona uso wake. Nimeliona tumbo lake. Ndiyo maana nilikuuliza mara mbili. Mficha maradhi, baba, kifo kitamuumbua."

Ukumbi ulikuwa na watu wanaopita na ndoo na faili. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi lake, mbali kidogo, ameinua kichwa akijaribu kusikia. Fundi alilamba midomo. Mkewe alikuwa anakufa nyuma ya mlango ule, na neno la kumwokoa lilikuwa kinywani mwake. Alilisema. Alilisema kwa namna ambayo mtu angetamani kumkunja shati.

"Daktari, nafikiri... nafikiri alikuwa anajinunulia."

"Anajinunulia nini?"

"Vile vidonge vidogo. Vya kunenepa. Vinauzwa tu madukani." Akashusha macho. "Wanawake, daktari. Unajua tena. Alitaka anawiri. Nilikuja kujua baadaye, nikamkataza, nikavitupa."

"Alivinywa muda gani?"

"Tangu kabla ya mvua za mwaka jana."

"Na ulivitupa lini?"

"Kama wiki mbili zilizopita. Vyote."

Daktari akageuka, akaanza kumpa nesi maagizo hata kabla hajafika mlangoni.

*

Dawa ilifanya kazi. Kwanza presha ikaacha kuanguka, kisha ikatulia, na ile dawa ya kubana mishipa ikapunguzwa hadi ikaondolewa. Mguu ulisafishwa tena na dawa za kuua vijidudu zikashika. Manjano ya macho yalichelewa kuondoka, lakini yalianza kufifia, na asubuhi moja nesi akasema mgonjwa ameomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

"Ulifanya vyema kusema," daktari alimwambia fundi. "Wengi hunyamaza."

Fundi alijibu asante. Hakuna tusi ambalo lingemchoma kama sifa ile.

Lakini lililomchoma zaidi lilitoka kwa mama mkwe. Aliambiwa na nesi habari za vidonge, akamwendea mkwewe pale ukumbini. Alipiga goti. Mama mzima, mwenye mvi, alipiga goti mbele ya mume wa binti yake huku watu wanapita.

"Mkwe wangu, nisamehe."

"Mama, simama. Simama, tafadhali."

"Sikumlea hivyo. Umemlisha, umemvisha, naye anakwenda kujitia sumu ili aonekane. Amekutia aibu kwa watu. Nimesikia huko mtaani tayari wanasema."

"Yamepita, mama," alisema fundi, akimwinua kwa viwiko. "Yameshapita."

Alimsamehe. Hebu fikiria. Alimsamehe mama wa watu kosa ambalo alilitenda yeye, na mama akambariki kwa ukarimu wake. Fundi alitoka nje hadi kwenye bomba la uani, akanawa uso mara nyingi, na bado aliona kama kuna kitu hakijatoka.

Alijiambia atasema mkewe akipata nguvu. Kisha akajiambia kwamba pengine hakuna haja. Mkewe hai, mama ametulia, na maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa nzuri, kama sababu za mwoga zilivyo siku zote.

*

Walimhamishia wodi ya kawaida, yenye vitanda vingi na wagonjwa wenye masikio marefu. Mkewe aliegemezwa mito. Uso ulikuwa umesinyaa pande zote mbili, na mkono uliolala juu ya shuka ulikuwa mwembamba kama zamani. Fundi alipoingia alikuta mama mkwe keshaanza.

"Siwezi kungoja upone kabisa ndipo niseme," mama alikuwa akimwambia binti yake. "Ningekuzika mwanangu. Kwa ajili ya nini? Ulikosa nini kwa mume huyu hadi ukaenda kununua vidonge vya kunenepa?"

"Vidonge gani, mama?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyetoka mbali.

"Usinifanye mtoto. Daktari anajua, manesi wanajua, mtaa wote unajua. Umemtia mumeo aibu."

"Sijawahi kununua vidonge vya kunenepa."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kutafuna.

"Usibishe. Mumeo mwenyewe kasema."

Mkewe aligeuza kichwa juu ya mto, polepole, akamtafuta fundi hadi akampata pale miguuni pa kitanda. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, anayerudi nyuma asubuhi moja moja, chai, chupa, kiganja cha mumewe kimefunguka. Fundi aliona hasa mahali kumbukumbu yake ilipofika. Macho yalisimama.

"Zile vitamini," alisema.

Hapakuwa na njia ya kukwepa. Mlango ulikuwa wazi, na kwa dakika hiyo miguu ya fundi ilitaka kuutumia. Alishika chuma cha kitanda.

"Mama, hakununua yeye," alisema. "Hakujua. Nilinunua mimi, nikatia kwenye chupa ya vitamini, nikawa nampa. Walikuwa wananicheka kwamba simlishi. Na daktari alipouliza nilikataa. Halafu nikasingizia kuwa ni yeye."

Mama mkwe hakupiga kelele. Pengine ingekuwa nafuu angepiga. Alitazama magoti yake, yale aliyoyapiga ukumbini, akaikung'uta sketi yake taratibu kana kwamba vumbi la siku ile bado lipo. Kisha akasogeza kiti chake kikakaa kati ya kitanda na mkwewe.

"Nilikupigia goti," alisema tu.

"Ndiyo, mama."

"Ukaniinua. Ukasema yamepita."

Wodi nzima ilikuwa imewageukia. Hata waliokuja kumtazama mtu wao walikuwa wameelekea huku. Nesi aliyekuwa akipita na toroli ya dawa alisimama, akaona si pa kupita, akarudi. Mkewe alikuwa amefumba macho, na chozi moja liliteleza pembeni likaingia kwenye mto.

"Nilikuwa nakusifia," alisema bila kufumbua. "Kwa kila mtu. Nikisema mume wangu ananijali."

"Nilidhani nakujali."

"Ulikuwa unalijali duka."

Alikohoa, na kikohozi kikamkaba. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Fundi, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi, alilifikia jagi lililokuwa juu ya kabati dogo, akamimina maji kwenye kikombe, akazunguka kiti cha mama mkwe kwa upande wa pili, akampelekea. Mama alitaka kumzuia, lakini binti yake aliinua kidole, naye akaacha.

Mkewe alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa na kiu; koo lake lilionekana likicheza. Alikileta karibu na mdomo, akasita. Alitazama ndani ya maji, akakitikisa kikombe kidogo, akatazama tena. Kisha akamrudishia mumewe.

"Kunywa wewe kwanza," alisema.

Fundi akanywa, watu wote wakiona, na mkewe akamkazia macho kooni mpaka alipomeza.